Mfupa au mafuta: nani anaiamulia seli shina njia ya kufuata?

Swali: "Nasoma baiolojia, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba ndani ya uboho kuna seli shina zinazoweza kuwa seli za mfupa au seli za mafuta. Kinachonitatiza ni kwamba zote zina jeni zilezile. Sasa nani anaamua? Nauliza pia kwa sababu ya nyumbani. Mama yangu ana miaka 68, anatumia prednisoloni kwa ajili ya baridi yabisi, na mwaka huu alivunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka kidogo tu. Aliyesoma picha ya MRI ya mgongo wake alisema uboho umejaa mafuta. Je, mafuta hayo ndiyo yanayokula mfupa? Akipunguza uzito yatatoka? Na kuna njia ya kuziamuru seli zake zirudi kujenga mfupa?"

Jibu:

Mfikishie mama pole zangu. Nitaanza na lile linalomhusu yeye, maana ukishalielewa, swali lako la darasani litakuwa limejibiwa nusu.

Mafuta yaliyo kwenye uboho hayali mfupa. Mfupa humomonyolewa na seli maalumu ziitwazo osteoklasti, na hizo zinatoka katika ukoo wa seli za damu. Kinachounganisha mafuta na mfupa ni uzazi: osteoblasti, yaani seli inayojenga mfupa, na seli ya mafuta iliyo ndani ya uboho zina mzazi mmoja. Mzazi huyo akielemea upande wa mafuta, mfupa unapungukiwa wajenzi huku wabomoaji wakiendelea na kazi yao kama kawaida. Mfupa unakonda, na nafasi inayobaki wazi inajazwa na mafuta. Ndiyo maana mtu akiona mafuta mengi penye mfupa dhaifu anadhani kimoja kimekula kingine.

Tena si kila mafuta ya ubohoni ni ugonjwa. Mtoto mchanga ana uboho mwekundu karibu wote, ule unaotengeneza damu. Anapokua, mafuta yanaingia taratibu, yakianzia kwenye mifupa ya mikono na miguu, hadi kwa mtu mzima mwenye afya yanaweza kufika asilimia 70 hivi ya ujazo wa uboho. Kwa hiyo maneno "uboho umejaa mafuta" kwa mtu wa miaka 68, yakiwa peke yake, hayasemi mengi. Yakija pamoja na mfupa uliovunjika kwa kuanguka kidogo, na pamoja na prednisoloni, ambayo ni dawa ya steroidi, hapo yana uzito.

Sasa huyo mzazi. Kuanzia miaka ya 1960, huko Moscow, Alexander Friedenstein na wenzake walikuwa wakichukua uboho wa wanyama, wanauweka kwenye sahani za maabara, kisha wanaosha seli zote zinazoelea. Zilizobaki zimeng'ang'ania sahani zilikuwa chache mno, kama seli 1 kati ya 10,000 hadi 100,000, na kila moja ikazaa kundi lake. Makundi hayo yalipopandikizwa mwilini mwa mnyama, baadhi yalijenga mfupa wenye uboho ndani yake. Mwaka 1991 Mmarekani Arnold Caplan aliziita seli shina za mesenkima, na mwaka 1999 Mark Pittenger na wenzake wakaonyesha, kwa seli za binadamu, kwamba kizazi cha seli moja tu kinaweza kuelekezwa kuwa mfupa, gegedu au mafuta. Usilipite haraka hilo la "seli moja tu". Bila hilo mtu angeweza kudai kwamba sahani ilikuwa na mchanganyiko tangu mwanzo, seli nyingine zikiwa za mfupa tayari na nyingine za mafuta, na kwamba hakuna uamuzi wowote uliofanyika.

Kuhusu jeni zilezile: jeni kuwepo ni jambo moja, kusomwa ni jambo lingine. Kila seli hubeba jeni zote lakini husoma sehemu tu. Zipi zisomwe huamuliwa na protini zinazoishika DNA mahali maalumu na kuziwasha au kuzizima jeni zilizo jirani. Swali lako basi linakuwa hivi: ni protini gani za kuwasha zilizo nyingi ndani ya kiini cha seli, na kitu gani kimezifanya ziwe nyingi?

Upande wa mfupa, protini kuu inaitwa RUNX2. Mwaka 1997 watafiti waliwafuga panya wasio na jeni hiyo. Panya hao walizaliwa na kiunzi chote cha gegedu, bila mfupa hata mmoja, wakafa mara baada ya kuzaliwa kwa sababu mbavu laini haziwezi kubeba pumzi. Mwaka huohuo ilijulikana kwamba binadamu mwenye nakala moja nzima na moja mbovu ya RUNX2 huishi, ila mitulinga yake huwa midogo au haipo kabisa, utosi wake huchelewa kufunga, na meno ya ziada huota ndani ya taya. Baadhi ya watu hao wanaweza kuyakutanisha mabega yao mbele ya kifua. Angalia ujumbe ulio hapo: kupungua nusu tu ya protini hii kunatosha kuonekana kwa macho. RUNX2 ikishakuwa ya kutosha huiwasha jeni nyingine iitwayo osteriksi, na kwa pamoja zinaifanya seli itoe kolajeni, osteokalsini na vitu vingine ambavyo kalsiamu hujishikiza juu yake.

Upande wa mafuta mkuu ni PPAR-gama. Mwaka 1994 maabara ya Bruce Spiegelman kule Boston iliiingiza jeni hiyo kwenye fibroblasti, seli za kawaida za tishu unganishi ambazo hazikuwa na mpango wowote wa kuwa mafuta. Zilijaa matone ya mafuta. Katika mwendo wa kawaida, protini za ukoo wa C/EBP, za beta na delta, huja kwanza; hizo huiwasha PPAR-gama pamoja na C/EBP-alfa, na hizi mbili za mwisho huwashana zenyewe kwa zenyewe. Hapo pana siri kubwa ya uamuzi wa seli. Mwanzoni seli inahitaji kusukumwa kutoka nje. Baada ya kuvuka kiwango fulani, protini zake zinaendelea kuwashana hata msukumo ukiondoka, na seli hairudi nyuma kirahisi.

Na hizi pande mbili haziachani zifanye kila moja lake. PPAR-gama inapopanda huibana RUNX2, na ishara nyingi zinazopandisha RUNX2 huikandamiza PPAR-gama. Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa panya walioripotiwa na watafiti wa Japani mwaka 2004. Walikuwa na nakala moja tu ya jeni ya PPAR-gama badala ya mbili. Hakuna aliyewapa dawa ya mifupa wala kuwaongezea RUNX2, lakini mifupa yao ilinenepa, kwa sababu seli nyingi zaidi zilielekea kwenye ujenzi. Kupunguza nguvu za upande mmoja kulitosha kuupa upande wa pili nafasi. Picha ya watu wawili wanaovutana kamba inafaa hapa, mradi ukumbuke kwamba kila anayeshinda hatua moja anapata nguvu zaidi kwa hatua inayofuata.

Kinachovuta kamba ni ishara kutoka nje ya seli, na hapa ndipo zilipo jeni unazozisikia zikiitwa jeni za ishara. Nyingine hutengeneza protini inayotumwa, nyingine hutengeneza kipokezi kilicho kwenye utando wa seli, nyingine hutengeneza kizuizi cha kukifunga kipokezi hicho. Ishara ni nyingi: Wnt, BMP, Hedgehog, Notch, TGF-beta, insulini na ndugu zake. Nitakaa na Wnt, ambayo ni protini inayotumwa kutoka seli hadi seli, kwa sababu ndiyo tunayoifahamu kwa undani zaidi, na ndiyo iliyozaa dawa.

Ndani ya seli kuna protini iitwayo beta-katenini. Seli inaitengeneza muda wote. Wakati hakuna Wnt nje, kundi la protini, zikiwemo aksini, APC na GSK3, huikamata beta-katenini punde inapotengenezwa, huibandika alama ya fosfeti, na seli huivunjavunja. Kwa hiyo inatengenezwa na kuharibiwa, inatengenezwa na kuharibiwa, na kiwango chake kinabaki chini. Wnt ikifika, hushika vipokezi viwili kwa pamoja: kimoja ni cha ukoo wa Frizzled, cha pili ni LRP5 au LRP6. Vipokezi hivyo vikikutanishwa, lile kundi la waharibifu huvutwa hadi kwenye utando na kuzuiwa kufanya kazi. Beta-katenini inajikusanya, inaingia kwenye kiini, inaungana na protini za TCF na LEF zilizokwisha kushika DNA, na jeni zinaanza kusomwa upya. RUNX2 inapanda. PPAR-gama na C/EBP-alfa zinashuka. Hakuna amri mpya iliyoandikwa. Kilichotokea ni kwamba uharibifu umesitishwa. Wanafunzi wengi hutarajia ishara iwe kitu kinachoingia ndani na "kuiambia" DNA cha kufanya, na ndiyo maana nakusihi uifuate njia hii hatua kwa hatua hadi uweze kuichora bila kuangalia kitabu.

Ushahidi wa Wnt kwa binadamu ni wa kusisimua. Mwaka 2001 ilijulikana kwamba watoto wenye ugonjwa adimu wa mifupa dhaifu mno pamoja na upofu wamerithi LRP5 isiyofanya kazi. Mwaka 2002 makundi mawili ya watafiti yakaripoti kinyume chake: familia ambazo badiliko la herufi moja kwenye LRP5 limezifanya ziwe na mifupa mizito na migumu kuliko kawaida. Jeni ileile, ikiharibika mfupa unadhoofika, ikiachiwa huru unanenepa. Badiliko hilo la pili linafanya LRP5 isishikike vizuri na vizuizi vyake, na kizuizi kimojawapo ni sklerostini.

Sklerostini hutolewa na osteositi, seli zilizojenga mfupa zikafungiwa humo humo ndani yake. Ndizo zinazohisi mfupa unapobanwa na kupindwa. Mtu anapotembea au kubeba uzito, osteositi hupunguza sklerostini, Wnt inapata nafasi, na ujenzi unaongezeka. Anapolala kitandani wiki nyingi, sklerostini inapanda. Watu wasioweza kutengeneza sklerostini kabisa, ambao wengi wanaojulikana ni wa jamii ya Makaburu wa Afrika Kusini, wana mifupa inayoendelea kunenepa maisha yote, hadi ile ya fuvu inabana mishipa ya fahamu ya uso na ya masikio. Kwa hiyo ishara hii ikikosa kizuizi nayo ni ugonjwa.

Je, Wnt kweli inaamua kati ya mfupa na mafuta, au inaongeza mfupa tu? Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba kuiwasha Wnt kunazuia seli changa zisiwe mafuta, na kuikata kunaziacha zigeuke mafuta zenyewe. Lakini jaribio lililonishawishi kabisa lilichapishwa mwaka 2012. Watafiti waliiondoa beta-katenini kwa panya, tena katika seli ambazo tayari zilikuwa zimeanza safari ya kuwa osteoblasti. Baadhi ziliiacha safari zikawa seli za mafuta. Maana yake ni kwamba Wnt haihitajiki mwanzoni tu. Inahitajika kuendelea kuishikilia seli kwenye njia yake mpaka ifike. Lihifadhi jambo hilo, tutalihitaji tukifika kwa mama.

Kufikia hapa unaweza kudhani kazi yako ni kukariri: Wnt ni mfupa, kitu fulani ni mafuta, basi. Hapana, na hili ndilo ninalotaka ulibebe kuliko mengine yote. Ishara haina maana ikiwa peke yake. Maana inatokana na hali ambayo ishara imeikuta seli ikiwa nayo.

Chukua BMP. Jina lake la Kiingereza, bone morphogenetic protein, lina "mfupa" ndani yake, na kwa haki: mwaka 1965 Marshall Urist alipandikiza ndani ya misuli ya wanyama vipande vya mfupa vilivyoondolewa madini, na mfupa mpya ukaota mahali ambapo mfupa haujawahi kuwa. Protini zilizokuwa zikisababisha hayo zilipopatikana, mojawapo, BMP2, ikawa tiba. Tangu mwaka 2002 inaruhusiwa Marekani kuunganishia pingili za uti wa mgongo. Kuna hata ugonjwa wa kutisha ambapo kipokezi kimoja cha BMP, ACVR1, kimebadilika herufi moja, na misuli ya mtoto inageuka mfupa kidogo kidogo. Baada ya hayo yote nani asingesema BMP ni ishara ya mfupa? Lakini zipo seli changa za panya ambazo ukizipa BMP4 zinaingia njia ya mafuta na kubaki humo. Njia ya BMP inaweza kuziinua RUNX2 na PPAR-gama zote mbili. Inayoshinda inategemea kiasi, wakati, kipokezi kilichopo, na kama Wnt nayo ipo jirani.

Mfano ulio wazi kuliko huo unaweza kuuona kwenye benchi la maabara yoyote inayolea seli hizi, na mwalimu wako akikuruhusu, naomba uuone kwa macho yako. Chukua sahani mbili zenye seli shina zilezile kutoka uboho uleule. Sahani ya kwanza weka deksamethasoni, vitamini C na beta-gliserofosfeti. Ya pili weka deksamethasoni, insulini, indomethasini na kemikali iitwayo IBMX. Badilisha maji yake ya kulelea mara kwa mara kwa wiki tatu hivi. Katika sahani ya pili, chini ya hadubini, utaona seli zilizokuwa ndefu na nyembamba zikianza kuwa duara, kisha matone madogo yanayong'aa yanatokea kandokando ya kiini, yanakua, yanaungana, mpaka kiini kinasukumwa pembeni. Ukimwaga rangi ya Oil Red O, matone yanashika wekundu. Katika sahani ya kwanza hakuna matone. Kuna ukungu mgumu wa madini unaotanda juu ya seli, na rangi ya alizarini inaugeuza mwekundu wa matofali. Rudi sasa usome tena viambato. Deksamethasoni imo kwenye sahani zote mbili.

Deksamethasoni ni steroidi, ndugu wa karibu wa prednisoloni ya mama. Katika sahani ya kwanza inasaidia kuanzisha mfupa kwa sababu vitamini C inawezesha kolajeni kufumwa na fosfeti ipo tayari kwa madini. Katika sahani ya pili dawa ileile inaiinua C/EBP-delta, IBMX inaiinua C/EBP-beta, nazo zinaiamsha PPAR-gama. Mwilini hali ni nyingine tena: steroidi ikitumika kwa muda mrefu na kwa dozi kubwa, inaongeza vizuizi vya Wnt, inazifupishia maisha osteoblasti na osteositi, na kuelemeza seli shina upande wa mafuta. Ndiyo maana wanaotumia dawa hizi kwa muda mrefu hupata mifupa dhaifu na uboho wenye mafuta.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kiwango chako hulipita: seli husikiliza pia umbo lake na ugumu wa mahali ilipokaa. Mwaka 2004 Rowena McBeath, Christopher Chen na wenzao waliziweka seli shina za binadamu kwenye visiwa vidogo vya protini vilivyochapwa juu ya sahani. Zilizobanwa kwenye visiwa vya mikromita za mraba 1,024 zilielekea mafuta; zilizopewa mikromita za mraba 10,000 zijitandaze zilielekea mfupa. Maji ya kulelea yalikuwa yaleyale kwa zote. Seli inayojitandaza hukaza nyuzi zake za ndani, na mkazo huo huziruhusu protini mbili, YAP na TAZ, kuingia kwenye kiini. TAZ, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2005, huisaidia RUNX2 na kuizuia PPAR-gama kwa wakati mmoja. Yaani hata kitu kisicho kemikali, kama ugumu wa sakafu, mwisho wake kinaishia kwenye ile ile kamba ya watu wawili.

Turudi kwa mama. Kwa umri wake mambo kadhaa yanavuta upande mmoja kwa pamoja. Baada ya hedhi kukoma, estrojeni imeshuka, na kwa hiyo wabomoaji wa mfupa wanafanya kazi kwa kasi na wajenzi hawalindwi kama zamani. Seli shina zenyewe zinazeeka. Prednisoloni inaongeza yake. Baridi yabisi ikimfanya asitembee, sklerostini inabaki juu. Katika utafiti mmoja wanawake wenye afya walilazwa kitandani siku 60, na mafuta ndani ya pingili zao yaliongezeka. Hawakuwa wagonjwa, walikosa tu uzito wa kuisumbua mifupa yao. Na kuna ile fitina ya kindugu: seli changa za ukoo wa mafuta ndani ya uboho hutoa RANKL, ishara inayowaamsha wabomoaji. Kwa hiyo mafuta hayali mfupa, lakini ukoo wake unaweza kuwaita wanaoula.

Kupunguza uzito hakutayatoa. Hili naomba ulieleze vizuri nyumbani, kwa sababu mtu anaweza kujidhuru kwa nia njema. Mafuta ya uboho hayafuati sheria za mafuta ya tumboni. Wagonjwa wa anoreksia, wanaojinyima chakula hadi mwili unabaki ngozi na mfupa, huwa na mafuta mengi zaidi ndani ya uboho kuliko watu wa kawaida, na mifupa yao ni dhaifu. Njaa ni ishara, na kwa seli shina za uboho inasukuma upande uleule wa mafuta. Mama ale vya kutosha, protini ikiwemo.

Kuziamuru seli zirudi? Seli ya mafuta iliyokomaa sitaitegemea igeuke. Zinazoweza kusogezwa ni zile ambazo bado hazijamaliza safari, na mwili una akiba yake. Tunajua zinasogezeka kwa sababu tumewahi kuzisogeza upande mbaya: rosiglitazoni, dawa ya kisukari inayoiwasha PPAR-gama moja kwa moja, ilipojaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 4,000 katika utafiti wa ADOPT, wanawake walioitumia walivunjika mifupa zaidi kuliko waliopewa dawa nyingine za kisukari, metformini au glibenklamidi. Kama mama ana kisukari na anatumia dawa ya kundi hilo, pioglitazoni ikiwemo, daktari wake wa mifupa anapaswa kujua.

Kwa upande mzuri kuna dawa mbili zinazogusa njia nilizokueleza. Teriparatidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002, ni kipande cha homoni ya paradundumio. Ikichomwa kila siku kwa dozi ndogo inawaongeza wajenzi, na kwa wanyama imeonekana kupunguza mafuta ya uboho. Romosozumabu, iliyoidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2019, ni kingamwili inayoikamata sklerostini ili Wnt iachiwe. Hutolewa mara moja kwa mwezi kwa miezi 12 tu, na ina onyo zito kwa waliopata mshtuko wa moyo au kiharusi katika mwaka uliopita. Hata hivyo dawa inayoanzwa mara nyingi ni ya kundi la bisfosfoneti, ambayo kazi yake kuu si kugusa uamuzi wa seli shina. Inawapunguza kasi wabomoaji, na inasaidia.

Usimruhusu mtu amuuzie mama sindano ya "seli shina za kurudisha mifupa". Seli zinazong'ang'ania sahani si za aina moja. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba kwa panya waliokomaa, seli zenye kipokezi cha leptini, homoni inayotolewa na seli za mafuta, ndizo chanzo kikuu cha osteoblasti na pia cha mafuta ya uboho. Mwaka 2018 kukatambuliwa kwa binadamu seli shina ya kiunzi inayojenga mfupa na gegedu bila kutengeneza mafuta. Maana yake hata yule "mzazi mmoja" niliyekueleza mwanzo ni ufupisho: ndani ya mfupa kuna wazazi kadhaa, wengine wamekwisha kuegemea upande mmoja. Anayechoma mchanganyiko wa seli hizo mwilini bila kujua ni zipi, wala zitakuta ishara gani, hatibu kitu.

Kwa sasa mama asiache prednisoloni ghafla. Tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zikizoea dawa hupumzika, na kuikata mara moja kunaweza kuhatarisha maisha. Badala yake mwende kwa daktari na maswali haya: amewahi kupimwa uzito wa mfupa kwa DXA? Dozi ya prednisoloni inaweza kushushwa taratibu, au baridi yabisi itibiwe kwa dawa nyingine? Kiwango chake cha vitamini D kikoje, na kalsiamu anaipata ya kutosha? Anahitaji dawa ya kulinda mfupa sasa? Mtu anayetumia steroidi kwa miezi mitatu au zaidi na tayari amevunjika mfupa hapaswi kuondoka kwenye chumba cha daktari bila swali hilo la mwisho kujibiwa. Ulizeni pia habari ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayeelewa baridi yabisi, ampangie namna ya kusimama na kutembea kila siku kwa kadiri maungio yake yanavyoruhusu.